Brochi ya marehemu bibi, sonara kasema chupa tu. Kweli haina maana?

MamaMapambo, Tanga
Asalam alaykum wana jukwaa. Mie napamba maharusi hapa Tanga, vidani, vikuku, mataji, vyote vya kukodisha na simfichi mtu, namwambia hivi si dhahabu. Sasa marehemu bibi yangu kaacha brochi ya kubania mtandio, ya duara, mawe meupe yamezunguka na katikati moja la bluu saizi ya punje ya hindi. Ukiipeleka juani inawaka mpaka ukutani isipokuwa mawe mawili yamekuwa meusi tii. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mjini, hata miwani hakuvaa, akanirudishia kasema "chupa hiyo mama, haina bei". Wallahi iliniuma, maana bibi alikuwa haitoi ila Idi na harusi tena kaikunja kwenye kitambaa. Naomba mnijuze, kama ni chupa mbona inawaka hivi miaka yote hii, na hivi vitu vilianzaje mpaka watu wenye pesa zao wakavivaa? Na haya mawili meusi yanasafishika au ndo basi?

FundiKoleo
Waalaykum salaam dada. Kwa maelezo yako sonara yawezekana kapatia kuwa ni kioo, ila hilo la haina maana sikubaliani nalo kabisa, yeye anapima gramu za dhahabu na akikosa gramu kwake hakuna kitu.

Kwanza kabisa USIIOSHE, nakuomba. Geuza uangalie mgongoni. Kama mawe yamezibwa nyuma basi ndani kuna utando mwembamba wa rangi ya fedha umepakwa kwenye tako la jiwe, mwanga ukiingia mbele unagonga ule utando unarudi machoni, ndo maana inawaka. Meusi hayo yameingia maji au jasho utando ukaoza. Hayasafishiki, yanabadilishwa. Mengine futa kwa kitambaa kikavu laini basi, hakuna sabuni, hakuna siki, hakuna dawa ya meno.

Historia yake ndefu. Mtu aliyezipa jina kubwa ni Georges Frédéric Strass, sonara wa Paris, alitengeneza kioo chenye madini ya risasi ndani yake, kioo cha hivyo kinapinda mwanga kuliko kioo cha dirisha, ukikichonga kama almasi kinatoa cheche. Mwaka 1734 akapewa cheo cha sonara wa mfalme wa Ufaransa, kwa hiyo wanaosema bandia ni za watu wa chini wajue zilikuwa zinavaliwa na watu wa ikulu. Tatizo wakati huo kila jiwe linachongwa kwa mkono. Akaja Daniel Swarovski, kijana wa Bohemia (sasa ni Jamhuri ya Czech) ambaye baba yake alikuwa mchonga vioo, akabuni mashine ya umeme ya kuchonga, hataza yake (hati ya haki ya mbunifu) ni ya 1892, na 1895 akafungua kiwanda Wattens huko Austria kwenye maji ya mlimani ya kuzalisha umeme. Hapo ndo bei ikashuka mawe yakawa mengi. Miaka ya 1920 Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Paris, akawa anavaa lulu za kweli na za bandia shingo moja bila kuona haya, matajiri wakamfuata.

Kitu kingine dada, hayo mawe yana rangi za upinde wa mvua juu yake kama mafuta kwenye maji? Kama ndiyo, si ya kabla ya 1956, rangi ile ilitoka mwaka huo.

Mpitanjia_Chumbageni
Mi naona kioo ni kioo tu jamani. Nilimnunulia mke wangu cheni kwa muuzaji anaapa haichuji, hata mfungo haujaisha shingo ya kijani na vipele juu. Historia haiondoi vipele.

FundiKoleo
@Mpitanjia pole kwa shemeji. Kijani ni shaba ya ndani, mchovyo wa juu ukishaisha shaba inakutana na jasho. Vipele mara nyingi ni nikeli, kuna ngozi haziiwezi hata kidogo. Mchukulie stenlesi nzuri au fedha. Lakini hapo aliyekuumiza ni muuzaji aliyeapa, angekwambia ni ya kuchovya ivaliwe kwenye shughuli na ivuliwe, msingegombana. Dada hapo juu anawaambia wateja wake ukweli, hiyo ni biashara safi.

MweneUmba
Mimi niko kwenye mawe miaka mingi. Hilo la bluu la katikati msilihukumu kwa macho, huu mkoa wetu huu wa Tanga una bonde la Umba kule mpakani na Kenya, tangu miaka ya 60 kunatoka safaya za kila rangi, bluu, zambarau, njano, rangi ya chungwa, na ganeti nzuri sana, watu wanakwenda kununua vioo vya Dubai wakati jiwe limelala wilaya ya jirani. Sisemi la bibi ni safaya, nasema angalia. Chukua lenzi ya sonara ya mara kumi. Ukiona vipovu mviringo ndani, kioo. Ukiona kingo za michongo zimelika zimekuwa butu, karibu hakika ni kioo, kwa sababu vumbi letu hili lina mchanga wenye ugumu wa 7 (kwenye kipimo cha mawe ambacho almasi ni 10) na kioo ni kama 5 na nusu, kila ukifuta vumbi unalichuna jiwe. Safaya ni 9, mchanga hauliwezi. Liweke pia kwenye mdomo wa juu, kioo kinapata joto upesi, safaya inabaki baridi kidogo.

Tena kwa wanaonunua tanzanaiti barabarani: jiwe lile lilijulikana 1967 kule Mererani, na tabia yake ukiligeuza upande huu bluu, upande ule zambarau. Kioo cha bluu ukigeuze mpaka uchoke, bluu ni ile ile. Hapo watu wameliwa hela nyingi na inaniudhi mno.

Bint_Kaole (Bagamoyo)
Shikamooni wakubwa. Mniruhusu niseme la huku kwetu. Kioo kingi kiliingia bara kupitia hapa Bagamoyo, marobota kwa marobota ya ushanga wa Venice, vichwani mwa wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, na ilikuwa pesa kamili, unanunulia chakula, unalipia njia. Na walionunua hawakuwa wajinga wa kupewa chochote. Stanley, yule mzungu aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipoondoka hapa 1871 ilibidi ajue kila nchi inataka nini: Unyamwezi wanachukua sami-sami nyekundu, nyeusi zinapita Ugogo na kwingine hazina thamani, Ujiji wanataka zile kubwa za sungomazi. Ukikosea rangi msafara wako unalala njaa. Watu walikuwa na jicho lao na ladha yao, walijua fika si almasi. Ndo maana mie nikisikia "chupa tu" nahisi kama wanatukanwa bibi zetu wote. Dada ivae hiyo brochi.

MamaMapambo, Tanga
Mashallah nimesoma yote, ahsanteni sana. Nimegeuza, kweli yamezibwa nyuma na kuna utando, kwenye yale meusi umebanduka. La bluu nimeazima lenzi, nimeona vipovu viwili na kingo zimelika, basi ni kioo na sijali tena. Harusi ya mpwa wangu baada ya Idi bibi harusi ataibania. Ila hayo mawili naweka vipi?

FundiKoleo
Hongera dada. Pima kipenyo cha lililo zima kwa kalipa (kipimo cha kubania), kwa milimita mpaka nusu nusu, nunua ya tako la fedha saizi hiyo hiyo. La zamani litoe kwa kijiti cha mbao, usitumie sindano. Usiweke supaglu, mvuke wake unatia ukungu mweupe kwenye mawe ya jirani, tumia gundi ya kuchanganya mbili, tone dogo la ncha ya pini, uilaze chali mpaka asubuhi.