Mjadala: Mwandishi akitumia maisha yake kama ushahidi, tuyakague au tuyaache?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi nilipita Posta nikanunua *Rich Dad Poor Dad* ya chini, hivi vya kudurufu: karatasi ya ukurasa wa 61 na 62 imejirudia, 63 na 64 hazipo kabisa. Muuzaji akanipa bei ya seti. Ukichukua Robert Kiyosaki, anakupunguzia Thomas Sowell na J.D. Vance. Nikabeba vyote vitatu.

Kimoja cha pesa, kimoja cha uchumi, kimoja cha familia ya Ohio. Ila wote wanavuta upande mmoja: mtu asimame kwa miguu yake, asiingoje serikali. Nikaanza kutafuta hawa jamaa wametokea wapi, na hapo ndipo nilipokwama.

Wote watatu wamepita jeshi moja, Marine la Marekani. Sowell, mzaliwa wa North Carolina 1930, yatima wa baba kabla hajazaliwa, aliacha shule akiwa New York. Akaingia Marine wakati wa vita vya Korea, wakamfanya mpiga picha. Baada ya hapo Howard, Harvard (1958), na udaktari Chicago (1968). Kiyosaki alirusha helikopta Vietnam. Kabla ya hapo alisoma chuo cha mabaharia cha serikali kuu huko New York, ambacho mwanafunzi halipi ada. Vance alijiunga 2003 akitoka sekondari, akaenda Iraki, akarudi kusoma Ohio State kwa mafao ya jeshi, kisha sheria Yale. Leo ni Makamu wa Rais.

Ninachosema ni hiki: ukiniambia "niige, mimi pia nilitoka chini", maisha yako umeyaleta mezani kama ushahidi, na ushahidi unakaguliwa. Serikali iliyowalipa mshahara na masomo ikiachwa nje ya hadithi, kijana wa Mbagala anabaki kudhani alichokosa yeye ni nidhamu tu. Nawasilisha.

Kobe Mzee

Mleta mada, unamkagua mganga badala ya dawa.

Engels, mwenzake Karl Marx katika kuandika juu ya ukomunisti, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha pamba, na Manchester alikuwa akila mshahara wa kiwanda hicho hicho huku akimsaidia Marx. Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Utaniambia Azimio la Arusha lilikuwa sahihi au kosa kwa sababu ya Burito? Azimio tunalipima kwa mashamba na viwanda.

Na huyo Sowell umemrukia. Alipokuwa kijana alikuwa Mmarx. Mwaka 1960 akapata kazi ya muda Wizara ya Kazi ya Marekani, wakampa suala la viwanda vya sukari Puerto Rico: kima cha chini cha mshahara kimepanda, ajira zinapungua. Wengine wakasema kosa si la mshahara, ni vimbunga vimeangusha miwa. Sowell akatoa wazo kwamba zitafutwe takwimu za miwa iliyokuwa imesimama shambani kabla ya kimbunga kufika, ndipo ijulikane nani mkweli. Kwa maelezo yake, wakubwa wizarani hawakufurahia, na hapo akaanza kuitilia shaka serikali. Sasa hoja kama hiyo inapimwa kwa miwa. Harlem, mtaa wa New York alikokulia, inaingiaje?

Mhasibu wa Kwale

Kobe, kwa Sowell nakubali. Kwa Kiyosaki hapana, maana yeye miwa hana. Kitabu chake chote ni maisha yake: baba wawili, mmoja mjanja wa pesa, mwingine msomi aliyekwama.

Haya, huyo "baba maskini" ni nani? Ralph Kiyosaki. Alifika kuwa mkuu wa elimu wa jimbo zima la Hawaii, na 1970 akagombea unaibu gavana, akashindwa. Kwetu huyo angekuwa na dereva, na harusini angekaa meza ya mbele. Baba tajiri ndiye watu wamebishana miaka na miaka kama alikuwepo kweli. Tena kitabu cha 1997 alikiandika na Sharon Lechter, ambaye ni mhasibu mwenzangu, na mimi huwa najiuliza ni sehemu gani za hesabu zilitoka kwa nani. Mwaka 2012 kampuni yake ya Rich Global iliomba kufilisika baada ya mahakama kuiamuru iwalipe Learning Annex, waliokuwa wakimwandalia semina, karibu dola milioni 24.

Sisemi hayo yanaifuta tofauti ya mali na deni anayoifundisha kitabuni. Hiyo naifundisha hata mimi, bila baba tajiri. Lakini aliyetuletea baba zake mezani ni yeye.

Nipo Columbus

Niwaambie kitu kama mtu niliyevaa gwanda la nchi hii ya Marekani. Jeshi siyo msaada. Ni kazi, na unailipa kwa magoti, usingizi na wakati mwingine ndoa. Kumwambia mkongwe wa vita "serikali ilikubeba" ni tusi.

Halafu mleta mada umesoma haraka. Vance jeshi hakulificha. Anaeleza mwenyewe alivyokuwa karibu kuchukua gari kwa mkopo wa riba ya asilimia 21 pale pale dukani, na askari mkubwa wake akamwamuru apige simu kwanza Navy Federal, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi. Riba ikashuka chini ya nusu. Nani mwingine angemwamuru?

Kobe Mzee

Columbus, hapo umemsaidia mleta mada bila kujua.

Dada wa Kitwe

Mbona Wamarekani tu? Dambisa Moyo amezaliwa Lusaka, akapita Benki ya Dunia na Goldman Sachs, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, mwaka 2009 akaandika *Dead Aid* kwamba misaada inaiumiza Afrika. Sasa yuko House of Lords, baraza la juu la bunge la Uingereza, upande wa chama cha Conservative. Wanaomkubali wanasema "ni Mwafrika, anajua". Wanaompinga wanasema "ni wa Goldman Sachs, anajua nini?" Wote hawajagusa kitabu.

Mleta mada

Columbus, nimekukosea kwa lugha, naomba radhi. "Kubebwa" nalifuta. Na kwa Vance nilikurupuka. Lakini soma tena mfano wako: askari mkubwa, amri, chama cha mikopo cha jeshi. Kijana wa Mbagala asiye na askari mkubwa atasaini asilimia 21 na kitabu cha kujituma kikiwa mkononi. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Kobe, Sowell nimemtoa kwenye orodha, yeye na miwa yake. Moyo naye naona anakaa huko: kinachobishaniwa ni misaada na nchi, Lusaka haimwongezei wala kumpunguzia.

Kiyosaki nabaki naye. Jumamosi namrudisha kwa muuzaji, anipe 63 na 64.