Feni ya laptopu inanguruma kama kisiagi: tupeane uzoefu

BintiNyalenda: Wadau, jana nimeaibika. Niko kwa kikao cha video na mteja, feni ikaanza ngoma yake, akaniuliza kama naishi karibu na kisiagi. Nikiiwasha tu, hata sijafungua kitu, vuuuu mpaka jioni. Nani amepitia haya?

Mama Pacha: Mimi. Kila siku.

Vumbi58: Nyinyi wa Kisumu mnalalamikia kelele, njooni Nakuru. Jina lenyewe tunaambiwa ni la Kimaasai, mahali pa vumbi. Yangu ilipofunguliwa, kati ya feni na yale mapezi ya shaba kulikuwa na blanketi la kijivu limeshikana kama sufu. Fundi alilibandua zima akaliweka mezani kama analiuza. Hewa ilikuwa inagonga ukuta, joto halitoki, feni inazidi kukimbia.

SamakiMkavu: Huku si vumbi, ni wale wadudu wa ziwa. Acha dirisha wazi jioni na taa inawaka, uone. Yangu ilitoa kiganja kizima.

Mwalimu Mstaafu: Kwanza semeni kipakatalishi.

Vumbi58: Mwalimu, hata ukiiita hivyo inanguruma.

FundiKondele: Kabla ya bisibisi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uone nani kati ya programu anakula prosesa, ule ubongo wa mashine. Kama hakuna anayekula na bado inalia, ni vumbi, au ile peisti ya kupitisha joto la prosesa imekauka. Na mkipuliza kwa mashine, zuieni feni kwa kijiti cha meno isizunguke, la sivyo mtaiua.

Mama Pacha: Mimi hupuliza kwa mdomo.

FundiKondele: Na mate yote hayo?

Mama Pacha: Mwaka wa nne huu. Wewe unatafuta 1,500 zangu.

BabaTaji: Mmenikumbusha mbali. Yangu ilikuwa inakwaruza, kr kr kr, kama panya kwenye gunia. Usiku mtoto amelala, mama watoto anasema izime. Nikaifungia kwenye droo ikiendelea kushusha faili. Asubuhi imejizima na haishikiki kwa moto. Jumamosi tukitoka sokoni Kakamega tukapitia kwa fundi, mama watoto pembeni na sukuma zake. Fundi akafungua, akachukua kibano, akaanza kuvuta. Akavuta, akavuta. Uzi wa rasta, rangi ya dhahabu, umejizungusha kwenye mhimili wa feni. Akauinua kwenye mwanga: "Mama, rasta zako zitaua mashine." Jamani, mama watoto hunyoa. Tangu 2019. Laptopu niliinunua ikiwa imeshatumika, naapa! Alichukua ule uzi, akaukunja polepole, akautia kwenye kibeti. Hakusema neno mpaka Lurambi.

SamakiMkavu: Risiti unayo?

BabaTaji: Imeandikwa kwa mkono, "laptopu moja". Haina tarehe.

SamakiMkavu: Pole sana ndugu.

Mama Pacha: Rasta ya zamani hufifia. Ilikuwa inang'aa ama haing'ai?

BabaTaji: Mama, tafadhali.

Vumbi58: Turudini kwa feni. Mimi huiweka juu ya wavu wa kuchomea samaki, hewa inapita chini. Kitandani ni mwiko, godoro linaziba matundu.

KijanaWaBondo: Tia tone la mafuta ya cherehani, inanyamaza.

FundiKondele: USITIE! Yatavuta vumbi lote la Kondele. Heri uingie kwenye mipangilio ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa ukiweke 99 badala ya 100. Itapungua kasi kidogo, lakini joto litashuka.

KijanaWaBondo: Yangu nilitia na inafanya kazi.

FundiKondele: Tuonane Desemba.

BintiNyalenda: Nimebonyeza zile tatu za fundi. Kumbe kivinjari hujifungua chenyewe nikiwasha, na vichupo 63 vya tangu mwezi uliopita, vingi ni vya mapishi. Nimevifunga, sasa nasikia hata jogoo wa jirani. Baba Taji, ule uzi uko wapi?

BabaTaji: Bado uko kwenye kibeti.