Tumelala "ngome ya Mjerumani" Iringa: baridi, maji ya moto hakuna, na uongo mtupu juu ya Mkwawa

Wakuu, heshima kwenu. Leo siku ya nne tangu turudi Makambako na hasira haijanitoka.

Mzee wangu ametimiza miaka 78. Ni Mhehe, na habari za Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Mjerumani, ametusimulia jikoni tangu tukiwa wadogo. Nikaona tangazo la hoteli nje kidogo ya Iringa mjini, jengo la Mjerumani, ngome ya kihistoria. Sh 180,000 chumba kwa usiku. Nikalipia viwili, nimfurahishe.

Baridi ya Julai Iringa mnaijua. Tangazo linasema maji ya moto, bombani yanatoka ya barafu. Ndoo moja ya vyumba viwili ililetwa saa tatu usiku baada ya kugombana. Blanketi moja jepesi kama kanga. Nikaomba la pili, mapokezi wakasema yamehesabiwa. Mzee alilala na koti langu.

Na ukuta! Mimi ni fundi mwashi. Mawe yale yamejengwa kwa chokaa, halafu mtu kayapiga plasta ya simenti na rangi ya mafuta juu yake. Ukuta wa chokaa lazima upumue. Ukiuziba, unyevu unabaki ndani, plasta inabanduka na chokaa inaoza polepole. Asubuhi vipande vilikuwa juu ya mto wa mzee, chumba kizima kinanuka ukungu. Wanaliua jengo lilelile wanalotutoza hela kuliona.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonifanya nifungue uzi ni asubuhi, matembezi ya ndani, Sh 10,000 kila mtu. Kijana akatuingiza chumba cha chini chenye minyororo ukutani, akasema hapa ndipo Mkwawa alipofungwa mwaka 1890 kabla hajanyongwa.

Mzee akamwambia taratibu, "Mwanangu, Mkwawa hakuwahi kufungwa na mtu."

"Babu, ndivyo ilivyoandikwa." Na kweli, kibao kipo, kimeandikwa hivyo.

Mwaka 1890 Mjerumani alikuwa hajajenga chochote Uhehe! Agosti 17, 1891 alipojaribu kuja, jeshi la Mkwawa lilimmaliza pale Lugalo, na kamanda wao Zelewski akafia palepale. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 30, 1894, na bado wakamsaka porini karibu miaka minne. Julai 19, 1898 alijipiga risasi mwenyewe ili wasimshike akiwa hai. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na lipo Kalenga, makumbusho, mwendo mfupi tu kutoka hapo hotelini. Huyo aliyenyongwa ni nani? Mtu aliyekufa ili asivae mnyororo, nyie mnamvisha mnyororo kwa Sh 10,000, mbele ya mzee wa Kihehe!

Nikamfuata meneja. Akanijibu kwamba wageni wanaipenda hadithi hiyo.

Mzee hakugusa chai. Nilimpeleka Kalenga mchana uleule, akavua kofia mlangoni, akakaa humo muda mrefu bila kusema neno.

Nimewaandikia: wang'oe kile kibao na wanirudishie hela ya chumba cha mzee. Simu hawapokei. Mwenye kujua barua ya malalamiko kama haya inapelekwa kwa nani upande wa mambo ya kale, anielekeze hapa. Picha za kibao ninazo.