Tupeane uzoefu: wazo la kipindi cha runinga linafia wapi?

Katuba_Antena (Lubumbashi)
Jana usiku nimekuta emisio (kipindi) mpya: viti vitatu, maua ya plastiki, bango la mdhamini limemfunika mgeni mpaka kidevuni. Dakika kumi na mbili mtangazaji bado anasalimia. Nikajua mwenye wazo aliingia kwa mkurugenzi wa programu na sentensi moja tu: "Ni kipindi cha vijana." Vijana gani? Wanafanya nini? Nyinyi mliokaa pande zote mbili za ile meza, semeni wazo linafia wapi. Sifa zenu tunazijua, msituletee. Leteni vitu mtu anaweza kushika.

Goma_Mawe
Linafia kwenye kipindi cha saba, yaani sehemu ya saba ya mfululizo. Cha kwanza kila mtu anacho, cha pili unakipata njiani ukiwa kwenye pikipiki. Mkurugenzi mwenye akili anafunga dosie yako, anakutazama, anauliza: "Na cha saba?"

Chukueni chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, maana huku Goma kila mwenye kamera anaanzia hapo. Chukudu ni mada, si kipindi. Ukishapiga picha mbao, gurudumu lililovikwa mpira wa tairi na kile kipande cha ndala cha kuwekea goti, umemaliza. Una dakika nane nzuri na huna la kuongeza. Sasa geuza: mtu mmoja, mzigo mmoja, mteremko mmoja. Kila wiki msukuma chukudu mwingine anapakia viazi au makala ya kupikia kule Kibumba, na lazima afike mjini kabla mnunuzi hajaondoka. Kuna anachotaka, kuna kinachomzuia, kuna saa inayokimbia, na mwishoni pesa inahesabiwa mbele ya kamera. Cha saba? Mvua, na ile raba ya breki imelika. Cha nane? Baba anamwachia mtoto usukani kwa mara ya kwanza. Hiyo sasa ni mashine: unatia mtu mpya, inatoa kipindi.

Andika vichwa vya vipindi 13 kabla hujamwona mtu yeyote. 13 kwa sababu mwaka una wiki 52 na shene (vituo vya runinga) hupanga kwa robo mwaka. Ukikwama kwenye cha tano, una filamu fupi. Itengeneze, si aibu.

Nyawera_B
Njo vile kabisa. Na wengi wanakwama cha nne.

Kamalondo_Kravati
Nyinyi wa Goma kila kitu chukudu. Mngekuwa hamna sanamu yake kwenye rondpoint mngezungumza nini?

Goma_Mawe
Afadhali chukudu inatembea, mukubwa. Emisio zenu zote zimekaa kwenye viti.

Mama_Montaji (Bukavu)
Acheni hayo. Mimi nasema linafia kwenye karatasi. Mtu analeta kurasa 40, tatu za kwanza ni historia ya Kongo tangu Leopold. Nani atasoma? Kwa mkutano wa kwanza karatasi moja inatosha: jina, sentensi moja isiyozidi maneno 25, nani atatazama na saa ngapi, urefu, ni vipindi vingapi, na kipindi kimoja kimeelezwa dakika kwa dakika. Biblia ya kipindi, zile kurasa nane mpaka kumi na mbili zenye wahusika na vichwa vyote, unaitoa ukiulizwa.

Urefu uandike 26, usiandike 30. Dakika nne ni za matangazo na utambulisho wa shene. Kwa saa nzima andika 52. Ukiandika 30 wanajua hujawahi kukabidhi kazi.

Na lugha! Kama watu wanaongea Swahili ya Bukavu au ya Lubumbashi, sema mapema nani atatia maandishi ya Kifaransa chini, na sauti ya mtangazaji iwe kwenye njia yake, mbali na muziki na sauti za mazingira. Ukizichanganya zote pamoja, siku mtu wa Kinshasa au Abidjan akitaka kutia sauti ya lugha yake hawezi, na kipindi kimefungwa kwenu milele.

Fundi_Sauti243
Mama amesema. Lakini dakika mbaya kuliko zote bado haijatajwa, nayo ni ile ya kuwasha kionjo, ile video fupi ya kuonjesha kipindi.

Chumba chenyewe mnakijua. Meza ndefu, watu watano, mmoja anaandika ujumbe kwenye simu, runinga iko ukutani. Umeongea dakika tatu, umeongea vizuri, unasema "Sasa tutazame." Unachomeka kebo. Picha inatoka, sauti haitoki, kwa sababu kompyuta bado inaipeleka kwenye spika zake ndogo. Unainama kutafuta mipangilio, mgongo umewapa wakubwa. Unaamua kutumia flashi. Runinga inasema haioni kitu, kwa sababu flashi imepangwa kwa mfumo wa faili wa NTFS na runinga ile inasoma FAT32 tu. Unayo ya pili, yenye FAT32, lakini ulishindwa kunakili faili juu yake kwa kuwa FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Hapo umeme unakatika. Jenereta inachukua dakika mbili kuamka, na dakika mbili za kimya ndani ya chumba kile ni ndefu kuliko misa ya Pasaka. Umeme ukirudi, yule wa simu ameshatoka.

Dawa: toa faili la MP4, H.264, 1920 kwa 1080. Kwa dakika mbili litakuwa la megabaiti mia kadhaa tu, linaingia popote. Liweke kwenye flashi ya FAT32, kwenye kompyuta, na kwenye simu iliyojaa chaji. Fika nusu saa kabla, omba kujaribu sauti. Na chapisha picha sita za kipindi kwenye karatasi ngumu. Umeme ukikatika, unazitandaza mezani na kuendelea kuongea.

Kionjo chenyewe kisizidi dakika mbili. Sekunde 15 za kwanza ziwe uso na sauti ya mtu, si nembo inayozunguka. Na tafadhali, si droni juu ya volkano ya Nyiragongo. Nyiragongo tumeiona.

Goma_Mawe
Droni sekunde nne tu?

Fundi_Sauti243
Hata mbili hapana.

Soko_Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi)
Mnazungumza flashi wakati watu wanaibiwa mchana! Kuna kijana wa kwetu aliacha dosie kwenye ofisi moja, siitaji. Miezi sita kimya. Siku moja anakula bukari (ugali), runinga imewashwa, anaona kipindi chake: jina limebadilishwa herufi moja, maswali yale yale, hata utani wa kufungua. Akaacha bukari hapo. Wiki iliyofuata akavaa suti, akafika studio wakiwa hewani moja kwa moja, akampita mlinzi, akakaa kwenye kiti cha mgeni. Mtangazaji akadhani ndiye mgeni wa siku! Akamhoji dakika nne nzima juu ya "safari yake ya ubunifu", mpaka mgeni wa kweli akaonekana nyuma ya kamera anapunga mkono.

Nyawera_B
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Video iko wapi?

Kamalondo_Kravati
Mlinzi alikuwa anafanya nini?

Katuba_Antena
Kwa hiyo mnaona, usiache dosie popote. Ongea, onyesha, ondoka nayo.

Mama_Montaji (Bukavu)
Ukiondoka nayo watakusahau kabla hujafika getini. Acha karatasi moja, biblia baki nayo.

Avoka_Mtaani
Niseme bila kumuudhi mtu: wazo halina mwenyewe. Sheria yetu ni ile ordonansi-loi (amri yenye nguvu ya sheria) nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na haki ya mwandishi inalinda kilichoandikwa au kurekodiwa, si wazo lililoko kichwani. Hata wakubwa wameshindwa. Hughie Green, mtangazaji wa Uingereza, alikuwa na kipindi cha kushindanisha vipaji chenye misemo yake na kipimo cha makofi. New Zealand wakatengeneza chao kwa jina lile lile. Akashtaki, akashindwa kwenye mahakama za huko, akapanda mpaka London, na mwaka 1989 akashindwa tena. Majaji waliona ile misemo na kipimo cha makofi havishikamani vya kutosha kuitwa kazi moja.

Soko_Kenya
Kwa hiyo wizi ni halali? Asante sana, mwanasheria!

Avoka_Mtaani
Sikusema hivyo, yaya. Nasema kijana angeandika zaidi. "Mashindano ya mapishi" ni wazo la kila mtu. Kurasa kumi zenye mpangilio wa kila raundi, alama zinavyohesabiwa, maneno ya mtangazaji na michoro ya jukwaa, hizo ni kazi. Zitume kwa barua pepe siku ya mkutano, mwombe mkurugenzi ajibu "nimepokea". Tarehe hiyo ndiyo shahidi wako.

Soko_Kenya
Mkurugenzi wa wapi anajibu barua pepe?

Papa_Bije
Turudi kwenye pesa, maana wote mmeikimbia. Shene nyingi za kwetu hazinunui kipindi, zinakuuzia saa za hewani. Kwa hiyo unaowauzia ni wawili: shene unaiuzia amani ya kujaza saa, mdhamini unamuuzia watazamaji. Usipeleke karatasi ile ile kwa wote wawili.

Bajeti msiiandike kwa macho. Kwa kipindi kimoja hesabu siku 2 za kupiga picha na siku 3 za montaji (kuhariri picha), watu wanne, usafiri, chakula, mafuta ya jenereta, halafu asilimia 10 ya dharura. Wote wanaandika kamera, wanasahau diski. Kamera ikirekodi megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 22.5. Saa 6 za picha kwa kila kipindi ni 135, mara 13 ni 1,755. Hapo ni diski mbili za terabaiti 2, moja ya kazi na moja inalala nyumba nyingine. Ukiwa na diski moja, huna diski.

Kamalondo_Kravati
Bei uitaje kwanza au usubiri waulize?

Papa_Bije
Usitaje kamwe.

Mama_Montaji (Bukavu)
Itaje kwanza kabisa, uone nani anabaki kitini.

Katuba_Antena
Haya. Soko_Kenya, swali moja la mwisho juu ya yule kijana wa kitini. Dosie yake ilikuwa na kipindi cha saba?

Soko_Kenya
Ilikuwa na vinne.

Nyawera_B
Jamani, na hiyo video nani anayo?