Chumba cha sinema nyumbani: tuanze na taa au na sauti?

Muulizaji, Kampemba, Lubumbashi

Ndugu zangu, ninawasalimu. Tuna chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, ambacho tungependa kukitumia kutazamia filamu pamoja na watoto. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyopigwa lipu, sakafu ni ya vigae, dari ni ya triplex iliyopakwa rangi nyeupe, na juu yake kuna mabati. Projekta na spika tunazo. Hata taa zote zikizimwa, sehemu nyeusi za picha huonekana za kijivu, na waigizaji wanapoongea upesi maneno yao huingiliana, wala kuongeza sauti hakusaidii. Fundi wa dari ananishauri nitoboe dari na kuweka taa 12 za kuzama. Jirani ananiambia nibandike trei za mayai ukutani. Pesa haitoshi kwa yote. Nianze na lipi?

Fundi wa sauti, Katuba

Ndugu muulizaji, usianze na taa wala na spika; anza na kuta, kwa sababu ndizo zinazokuharibia picha na sauti kwa pamoja. Rangi nyeupe hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoiangukia, kwa hiyo mwanga wa skrini yenyewe huenda ukutani na darini, kisha hurudi kwenye skrini na kufifisha weusi. Lipu na vigae navyo hufanya vivyo hivyo kwa sauti: silabi ya kwanza haijazimika, ya pili imekwisha kufika.

Wallace Sabine wa chuo kikuu cha Harvard, aliyeanza uchunguzi wake mwaka 1895, alituachia hesabu ya mrindimo, yaani sekunde ambazo sauti huendelea kurindima chumbani baada ya chanzo kunyamaza, na bado tunaitumia: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti wa kuta, sakafu na dari yake. Chumba chako kina mita za ujazo 60. Tukikadiria kwamba kikiwa kitupu kinanyonya sauti sawa na mita za mraba 6 za uso unaoimeza yote, mrindimo utadumu sekunde 1.6 hivi, na ili ushuke hadi 0.4, unahitaji unyonyaji wa mita za mraba 24. Zulia nene, makochi ya kitambaa na mapazia mazito vitakupa sehemu nzuri ya hiyo.

Kinachobaki kiwekwe mahali panapofaa. Tuseme spika ya kushoto iko mita 1 kutoka ukuta wa pembeni na nusu mita kutoka ukuta wa mbele, nawe umeketi katikati, mita 3.5 kutoka mbele. Sauti inayogonga ukuta huo kabla ya kukufikia huugonga mita 1.5 kutoka mbele. Unaweza kuhakiki: mtu ateleze kioo ukutani, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ukiwa kitini, ndipo penyewe. Sasa tazama: ukuta wa pembeni ulio karibu na skrini ndio pia unaorudisha mwanga mwingi zaidi. Paneli ya kitambaa cheusi kisichong'aa, kuanzia ukuta wa mbele hadi mita 2 hivi, yenye pamba ya kioo ya sentimita 10 ndani, inatibu yote mawili kwa gharama moja. Fanya hivyo pande zote mbili, na darini pia ukiweza.

Trei za mayai ziache, kwa maana ni nyepesi mno kuzuia sauti na zinashika moto upesi. Sponji ya godoro ni hatari zaidi, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Fundi wa umeme, Ruashi

Ninaafikiana na ndugu yangu wa Katuba, ila ningependa wasomaji wasidhani kwamba ukuta mweusi ni ukuta uliotulia. Rangi nyeusi humeza mwanga na kuiacha sauti kama ilivyo, na pazia jembamba jeusi hupunguza sauti nyembamba za juu tu. Besi, yaani sauti nzito, haitaliona hata hilo pazia: katika urefu wa mita 5, sauti ya karibu Hz 34 (mitetemo 34 kwa sekunde) hujikusanya na kuvuma, na katika upana wa mita 4 ni karibu Hz 43. Huko kinachosaidia kwanza ni kusogeza spika ya besi na kiti.

Kuhusu taa 12, ningekataa kabisa. Kila tundu darini ni njia ya kelele, na nyumba ya mabati wakati wa mvua za Desemba hatuhitaji kuielezea kwa mtu wa Lubumbashi. Ukiyafunika matundu hayo kwa pamba ili kuzuia kelele, taa zisizotengenezwa kwa kufunikwa zitapata joto kupita kiasi. Weka taa chache za ukutani nyuma ya viti, zenye kofia zinazoelekeza mwanga chini, pamoja na ukanda hafifu wa LED sakafuni ili watoto wasijikwae. Mwanga wowote usiielekee skrini.

Jambo lingine ambalo wengi hawaliangalii ni swichi ya kupunguzia mwanga. Swichi za kawaida hukata sehemu ya kila wimbi la umeme wetu wa Hz 50, na mkato huo huweza kuingia kwenye amplifaya ukasikika kama mvumo katika matukio ya kimya, au taa yenyewe ikalia. Nunua taa na swichi zinazopatana, uzijaribu dukani zikiwa zimepunguzwa hadi mwisho, kisha uzitenge na laini inayolisha amplifaya.

Muulizaji

Asanteni sana, ndugu zangu. Nitaanza na paneli za pembeni na zulia, na dari sitaitoboa. Mke wangu anauliza kama paneli zinaweza kuvikwa kitenge, maana chumba hicho hupokea wageni mchana.

Fundi wa sauti, Katuba

Mwambie mama kwamba inawezekana, kwa sharti moja. Bana kitambaa mdomoni na upulize: pumzi ikipita kwa urahisi, sauti nayo itapita na kuifikia pamba iliyo ndani. Kitenge kipya chenye wanga mwingi hukataa, kwa hiyo kifuliwe kwanza, kisha kipimwe tena. Kitumike ukuta wa nyuma na nusu ya nyuma ya pembeni. Karibu na skrini abaki na kitambaa cheusi kitupu, kwa sababu njano au nyekundu ya kitenge itarudi kwenye skrini na kuzigeuza rangi za nyuso za watu.