Pazia linaloimba likiguswa: kwa nini ukumbini linaimba bila kuguswa?

Mshona Sauti

Ndugu zangu, naomba msaada wenu kuhusu kazi iliyonichukua miezi saba. Nimeshona pazia la pamba lenye upana wa mita 3, na ndani yake nimepitisha mistari 12 ya uzi unaopitisha umeme. Kila mstari umeunganishwa na kibao cha Arduino, kibao kidogo cha kielektroniki kinachoendeshwa kwa programu, kupitia rezista (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) ya megaomu 1, nayo kompyuta ndogo hutoa sauti ya mwimbaji mstari unaposhikwa, kila mstari na sauti yake. Ninataka watu wawili wasiofahamiana, walioshika mistari tofauti, wasikie sauti zao zikikutana.

Kwenye meza yangu ya kazi pazia liliitika kila lilipoguswa kwa wiki nyingi. Nilipolitundika katika ukumbi wa maonyesho lilifanya vizuri asubuhi, lakini ilipofika jioni, watu wamejaa na nje mvua inanyesha, mistari mitatu ilianza kuimba yenyewe, na mingine miwili ikawa kimya hata iliposhikwa kwa kiganja kizima. Nimebadilisha kizingiti cha mguso katika programu, yaani kiwango ambacho kipimo kikikivuka sauti huanza, mara nyingi, na kila mstari mmoja unapotengemaa mwingine unaharibika. Je, tatizo liko katika programu, katika umeme, au katika kitambaa chenyewe? Sipendi kuishia kuweka vitufe, kwa sababu watu huwa hawaogopi kushika nguo, ilhali mbele ya kitufe husita.

Fundi wa Vihisi

Ndugu Mshona Sauti, pole kwa usumbufu. Tuanze na kile ambacho kibao chako kinapima hasa. Hakipimi mguso, kinapima muda ambao mstari unachukua kujaa chaji kupitia ile rezista. Wahandisi hukadiria kapasitansi (uwezo wa kubeba chaji) ya mwili wa binadamu kuwa pikofaradi 100 hivi, na kapasitansi hiyo ikijazwa kupitia megaomu 1 huchelewesha ujaaji kwa mikrosekunde 100 tu, na mguso wa kidole kimoja huleta mabadiliko madogo zaidi ya hapo. Kazi yako yote imesimama juu ya tofauti hiyo ndogo. Sasa, pamba hunyonya unyevu wa hewa, na kitambaa chenye unyevu huongeza kapasitansi ya mstari hata kama hakuna mkono uliokikaribia. Jioni yenye mvua, katika chumba kilichojaa pumzi za watu, kipimo cha mstari uliotulia hupanda hadi kikavuka kizingiti ulichokiweka asubuhi. Ndiyo maana hakuna namba moja itakayofaa siku nzima.

Acha programu ijifunze hali ya utulivu ya kila mstari kwa kuchukua wastani unaosogea polepole, kisha ipime mguso kama tofauti kutoka kwenye wastani huo. Weka vizingiti viwili, cha juu cha kuanzisha sauti na cha chini cha kuizima, ili sauti isikatikekatike kipimo kinapotetereka. Jambo moja ni muhimu sana kwa kazi yako: mstari ukishikwa, wastani wake usimame, la sivyo mtu aliyeshika kwa muda mrefu atahesabiwa kuwa sehemu ya utulivu na sauti yake itafifia mkononi mwake.

Kuhusu mistari iliyonyamaza, nina swali. Je, mezani kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye umeme wa ukutani, na ukumbini ikatumia betri? Mguso hukamilisha njia ya umeme kupitia ardhi, na kifaa kinachotumia betri pekee mara nyingi huuhisi kwa udhaifu mkubwa.

Sindano na Waya

Nakubaliana na Fundi kuhusu unyevu, lakini programu haiwezi kukaza fundo lililolegea, nami ningeanzia hapo. Pazia likining'inia kwa siku kadhaa huvutwa na uzito wake, mshono hulegea, na pale uzi unapokutana na waya mgusano huja na kupotea. Leah Buechley alipobuni LilyPad, kibao cha kushonewa kwenye nguo kilichoanza kuuzwa mwaka 2007, alikizungushia matundu makubwa ili uzi upitishwe na kukazwa kama unavyoshona kifungo. Ufundi huo unafaa hapa pia: pitisha uzi mara tatu au nne, ukaze, kisha uzuie fundo lisifumuke. Baada ya hapo, pima ukinzani kwa multimita (kipimo cha umeme cha mkononi) huku mwenzako akivuta kitambaa taratibu. Namba ikirukaruka, umempata mkosaji.

Ni uzi gani uliotumia? Uliopakwa fedha hupitisha umeme vizuri, lakini fedha hufifia na kuchakaa kwa jasho na msuguano wa mikono mingi. Wa chuma kisichoshika kutu haukubali kulehemiwa kwa urahisi, ila kwa kazi inayoshikwa na watu kutwa nzima mimi ningeuchagua huo, kwani ukinzani wake ni mdogo sana ukilinganisha na megaomu yako 1.

Tazama pia nyaya za nyuma. Zikifungwa pamoja katika kitita kimoja, mguso wa mstari mmoja huvuja hadi kwa jirani yake, na mtu anayepita nyuma ya pazia huhesabiwa kuwa ameligusa. Zitenganishe na uzifupishe.

Mkaa Ukumbini

Mimi si fundi wa umeme. Nimesimamia maonyesho mengi, na hutazama watu zaidi ya vifaa. Mwaka 1970 msanii Edward Ihnatowicz aliweka Senster katika jengo la maonyesho la Evoluon, Eindhoven, Uholanzi: kiumbe cha chuma, kikubwa kuliko mtu, kilichovutwa na sauti za upole na kujitenga na kelele. Kilijali namna watu walivyokikaribia. Pazia lako tayari linahisi mwili kabla haujaligusa, nawe unalihesabu hilo kuwa kosa. Kwa nini mtu anayekaribia asisikie pumzi ya mwimbaji, na sauti kamili ije pale tu anaposhika?

Mshona Sauti

Nawashukuru sana nyote. Fundi, ulibaini sawasawa: ukumbini nilikuwa natumia betri. Nilipochomeka adapta yenye waya wa ardhi, mstari mmoja kati ya ile miwili uliamka papo hapo. Wa pili ulikuwa na fundo lililolegea, nami nisingeligundua bila kuvuta kitambaa kama Sindano alivyoelekeza. Uzi wangu ni wa fedha, na sehemu zinazoshikwa zaidi zimeanza kuwa nyeusi, kwa hiyo nitaibadilisha mistari yote. Wastani unaosogea umenyamazisha ile mitatu. Jana mvua ilinyesha tena na pazia likatulia.

Ndugu Mkaa Ukumbini, pumzi nimeijaribu usiku kwa mistari miwili. Inasikika mkono ukiwa umbali wa kiganja hivi, na haiji kwa usawa kila mara. Naomba Fundi anieleze kama kuongeza rezista hadi megaomu 10 kutaongeza umbali huo bila kurudisha ule uimbaji wa peke yake.

Fundi wa Vihisi

Umbali utaongezeka, lakini vipimo vitachukua muda mrefu zaidi na kuvurugwa kwa urahisi na nyaya za umeme zilizo karibu. Jaribu kwa mstari mmoja kwanza, ukumbi ukiwa na watu.