Doa ana kifafa na namtafutia nyumba, mtu anaambiwaje?

Mlezi_wa_Zamu

Habari zenu wakuu. Nimekwama naomba mawazo, hasa nyie mliowahi kukaa na mbwa wagonjwa. Nina miezi mitano sasa na mbwa niliyemtoa shelta (kituo cha kulelea wanyama wasio na mwenyewe), makubaliano yalikuwa nimshike kwa muda tu mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Anaitwa Doa, dume, ameshahasiwa, chanjo zote anazo, daktari wa mifugo alimkagua meno akamkadiria miaka minne. Mpole mpaka anakera, paka wa jirani anakuja kumlia bakulini na yeye kasimama pembeni anaangalia tu.

Shida ni kifafa. Wiki ya pili tu tangu nimlete nikashtuka usiku kuna kitu kinagonga mlango wa jikoni, kwenda namkuta kalala ubavu miguu inapiga kama anaogelea, povu mdomoni, kajikojolea. Nilijua ndo anakufa. Vipimo vya damu vikatoka safi, daktari akasema kwa umri wake na ilivyotokea inaelekea ni kile kifafa kisicho na chanzo cha kuonekana, ambacho kwa mbwa mara nyingi kinaanza kati ya miezi 6 na miaka 6. Akamwanzishia fenobabitoni, vidonge vya kuzuia kifafa, asubuhi na jioni. Tangu hapo ameanguka mara mbili tu, ya mwisho ni wiki saba zilizopita.

Sasa njoo kwa watu wa kumchukua. Wa kwanza alimpenda, akapiga naye mapicha kibao, nilipotaja dawa ya kila siku maisha yake yote akasema atanipigia. Bado naisubiri hiyo simu 😂. Wa pili ni familia, watoto wawili wa shule wameshakua kua, baba anafanyia kazi nyumbani, wanakuja Jumamosi. Dada yangu ananiambia niseme "ana tatizo dogo anameza vidonge basi", wakishamzoea watajionea wenyewe, anasema nikianza na habari za povu Doa atazeekea kwangu. Na kiukweli nusu ya moyo wangu inakubaliana naye. Nyie mngefanyaje?

Bibi_wa_Watano

Usithubutu. Sikugombezi mwanangu, nakwambia hivyo kwa sababu hicho anachokushauri dada yako mimi nilishakifanya.

Nilikuwa na jike mmoja wa shelta, kifafa hicho hicho, vidonge mara mbili kwa siku. Akaja kijana mstaarabu, nikamwambia huwa anaanguka mara moja moja, mpe hivi vidonge, nikampa kopo lenye vya kama wiki tatu, tukaagana vizuri kabisa. Nilichoacha kumwambia ni kwamba ile dawa haikatizwi ghafla. Niliogopa nikisema mengi atabadili mawazo, nikajisemea atamuuliza daktari wake. Kopo likaisha katikati ya mwezi, kijana wa watu akaangalia, akaona mbona huyu mbwa yuko fiti, hajaanguka hata siku moja tangu afike, ngoja nisubiri mshahara. Hakujua kwamba hajaanguka kwa sababu anakunywa dawa! Siku ya tatu ikaanza. Akaanguka, akaamka, hajakaa sawa akaanguka tena, mara sita mpaka wanamfikisha kwa daktari. Alipona lakini alirudi kwangu kama mbwa mwingine, wiki nzima anazunguka meza, anajigonga milangoni, ananitazama hanijui.

Yule kijana alilia simuni ananiomba msamaha, na mimi ndo niliyekuwa na kosa, wala sikuwa na ujasiri wa kumwambia siku ile. Nilimwambia baadae sana.

Kwahiyo sema yote. Kama kuna mtu wa kukimbia, akimbie sebuleni kwako siku ya kwanza, Doa akiwa bado ana pa kulala.

Kopo_Tupu

Miezi mitano mkuu? huyo ni wako tayari, acha kujidanganya. Mbakize

Mlezi_wa_Zamu

Bibi shikamoo, na asante, nimeisoma mara mbili.

@Kopo_Tupu ningeweza ningembakiza kaka. Ninao wengine wawili wazee, mmoja haoni, halafu kuanzia mwezi ujao naingia zamu za usiku wiki moja ndani wiki moja nje. Dawa yake ni saa moja asubuhi na saa moja usiku, yaani zinapishana masaa 12, nikiwa zamu nani atampa? Na pia nikimbakiza ndo basi simtoi mwingine tena shelta, nafasi imeziba. Nimeshalia juu ya hili usinianzishe.

Fundi_Sindano

Nafanya kazi ya usaidizi kwenye kliniki ya mifugo, mbwa wa kifafa nawaona kila wiki, ngoja niweke ya kitaalamu kidogo halafu nyie wenye roho muendelee.

Kwanza hilo la Bibi ni la kweli tupu. Fenobabitoni ukiikata ghafla ubongo unaripuka, hata mbwa aliyekuwa ametulia miezi. Kwahiyo unapomkabidhi hakikisha anaondoka na dawa ya mwezi mzima angalau, na huyo anayemchukua awe AMESHAONANA na daktari wake kabla ya siku hiyo, maana hii ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi bila cheti, mtu hawezi kuamka Jumapili akaenda kununua kama panado. Faili la Doa liende kwa huyo daktari mpya moja kwa moja, usimpe mtu mdomo mdomo.

Pili waambie madhara ya dawa, maana nimeona mbwa wengi wanarudishwa kwa ajili ya hayo, kifafa chenyewe watu wanakivumilia. Atakunywa maji sana, atakojoa sana, atakuwa na njaa ya ajabu, atafungua ndoo ya taka. Mtu asiyejua anaona mbwa mchafu, mwizi, hana adabu, kumbe ni kidonge. Na kwa njaa hiyo akipewa kila anachoomba anakuwa pipa ndani ya miezi michache, chakula kipimwe. Ule ulegevu na kuyumba miguu ya nyuma kwa kawaida unapungua baada ya wiki mbili hivi za mwanzo, Doa nadhani ameshavuka hapo.

Damu inapimwa kuona kiwango cha dawa na hali ya ini, kawaida kila miezi 6 akishatulia, na ni gharama ya maisha yake yote. Itaje. Bima ya wanyama pale ilipo huwa hailipii ugonjwa ambao mnyama alikuwa nao kabla ya kukatiwa, wasije wakaitegemea.

Halafu kuna kitu watu wanasahau kabisa, dawa za kupe na viroboto. Kuna zile za kutafuna za kundi la isoksazolini, ni nzuri tu kwa mbwa wengi lakini mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuwa zinaweza kuleta mtetemeko na degedege kwa baadhi ya mbwa. Familia mpya ikitaka kumfurahisha mbwa wao ikamnunulia hiyo bila kuuliza, utasikia "alikuwa mzima jana". Andika kwa kalamu nyekundu: dawa yoyote mpya, hata ya kupe, anaulizwa daktari kwanza.

Mlezi_wa_Zamu

Hiyo ya kupe sikuwa naijua kabisa 😳 na mimi nilikuwa nataka kumpa wiki hii.

Swali, akianguka wakiwa naye wao, niwaandikie nini cha kufanya? Mimi mara ya kwanza nilimshika kichwa nikawa najaribu kumfungua mdomo.

Fundi_Sindano

Mdomo ndo usiguse kabisa! Mbwa hamezi ulimi, hiyo ni stori ya mtaani, atakung'ata mpaka mfupa na wala hatojua kama amekung'ata. Sogeza viti na vitu vya kumuumiza, kama yuko karibu na ngazi mzuie asidondoke, punguza taa na kelele, toa watoto na wale mbwa wengine, halafu angalia saa. Saa ni muhimu kuliko yote maana dakika moja ya kifafa unaiona kama nusu saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajarudiwa na fahamu, au mara mbili na zaidi ndani ya saa 24, hapo ni dharura, mbebe mwende, usisubiri asubuhi. Mwili unapanda joto vibaya kwenye kile kifafa kirefu. Muulize daktari kama Doa anafaa kuwa na ile dawa ya kumwekea njia ya haja kubwa kwa dharura, wengine tunawapa wanakaa nayo nyumbani.

Akiamka anaweza kuwa haoni kwa muda, anatembea tembea hovyo, ana njaa, wengine wanakuwa wakali kidogo kwa sababu hawajitambui. Asikumbatiwe kumbatiwe, hasa na watoto. Dozi ikisahaulika wasije wakaziba kwa kumpa mbili kwa mpigo, wapige simu.

Nyumba_ya_Pili

Nichangie kama mtu wa upande wa pili, mimi ndo yule wa kuja kuchukua. Jike langu lina miaka tisa saa hizi, nililichukua likiwa na mitatu, kifafa.

Unajua nini kilinifanya niseme ndio? Mlezi wake alinionyesha video. Alikuwa amemrekodi akiwa ameanguka, daktari ndo alimwambia arekodi, basi akanikalisha chini akaniambia kabla hujamshika kichwa tazama hii kwanza. Dakika moja na nusu. Nilitoka jasho jamani, mke wangu akageuka akaangalia ukutani. Lakini ilipoisha nikaona yule mbwa kwenye video anajikokota anaenda kwa yule mama anaweka kidevu mguuni kwake, nikasema ahaa, kumbe inaisha. Hofu yangu yote ilikuwa sijui inaishaje. Kama angeniambia "tatizo dogo" halafu nikaliona lile jambo peke yangu saa nane usiku ningemrudisha asubuhi yake, sidanganyi.

Kwahiyo onyesha video kama unayo, na usiongee wakati wanaangalia, waangalie wao. Mtu wa kuuliza "aaah maskini anaumia?" na asiulize kingine chochote mimi ningemwogopa kidogo. Anayeuliza unafanyaje hapo, huyo ana kichwa cha kutulia.

Jambo lingine, kuhama kwenyewe kunaweza kuchokoza kifafa, msongo ule. Langu lilianguka siku ya nne kwangu baada ya miezi miwili ya utulivu. Yule mama alikuwa ameshaniambia itatokea au isitokee lakini nisishangae, kwahiyo nilipompigia nilikuwa natetemeka ila sikuwaza kwamba nimeuziwa mbwa mbovu. Waambie pia ile hesabu ya siku 3, wiki 3, miezi 3, siku tatu za kujificha, wiki tatu za kuanza kuzoea ratiba, miezi mitatu ndo unamjua mbwa mwenyewe. Siyo sheria, wengine wanachelewa.

Na muandikiane. Karatasi moja tu inatosha, wakishindwa kwa sababu yoyote ile anarudi kwako au shelta alikotoka, hapewi mtu mwingine, haachwi barabarani, na hawatachekwa. Hilo la kutochekwa lisemwe kabisa, watu wanang'ang'ania mbwa kwa aibu mpaka anaharibika.

Kopo_Tupu

Nimefuta nilichosema. Na hao watoto je wasije wakatishika

Bibi_wa_Watano

Watoto waogope nini, waoneshwe tu wakiwa na wazazi wao. Wajukuu zangu ndo wanaoshika saa, wazazi wao wanapiga makelele.

Mlezi_wa_Zamu

Wakuu nimerudi. Jumamosi imepita.

Walikuja wote wanne. Nilikuwa nimeandika kila kitu kurasa mbili, dozi, saa, tarehe zote tatu alizoanguka, dawa ya kupe kwa kalamu nyekundu kama Fundi alivyosema. Video ninayo moja ya mara ya pili, inatikisika maana mikono ilikuwa inatetemeka. Nikawauliza wazazi kama watoto waangalie, wakasema sawa. Nikanyamaza. Mama mtu aliweka mkono mdomoni. Baba akaomba kuirudia. Yule binti mkubwa, ana kama miaka kumi na mbili, akauliza hii ilikuwa dakika ngapi, nikamwambia moja na sekunde ishirini, akaandika kwenye simu yake. Bibi nilikukumbuka.

Hawakusema ndio pale pale na sikuwasukuma. Walikaa kama saa nzima, Doa akalala juu ya viatu vya baba, wakaondoka kimya kimya nikajua imeisha hiyo. Dada yangu akaniambia si nilikuambia. Jumatatu mama kanipigia, nikadhani anakataa kistaarabu, kumbe alikuwa ametoka kwa daktari wa karibu nao kuuliza kama wanaweza kuendelea na dawa hiyo hiyo na damu inapimwa lini. Tumekubaliana majaribio ya wiki mbili, dawa ya siku 40 anaondoka nayo, karatasi ya kurudishwa tumesaini.

Kesho saa moja usiku wanakuja wampe kidonge wao wenyewe, mimi nimeambiwa nikae kwenye kiti nisisaidie. Doa anakificha shavuni anakitema nyuma ya kochi, sijawaambia bado. Hilo nalo nitawaambia kesho, kabla hawajaanza.